Nyumba Inayojiwashia Taa

Siku baba mdogo Godefroid alipohamisha familia yake kwenda Johannesburg, Séphora ndiye aliyefunga geti nyuma ya gari. Alilisukuma lile geti la chuma mpaka likagonga, akashusha komeo, kisha akabaki amesimama uani asijue aanzie wapi. Kwenye kamba ya nguo kulikuwa na soksi moja ya Aristote, mwana wa baba mdogo, imesahauliwa. Akaianua, akaikunja, ingawa soksi moja haina cha kukunjwa.

"Ni mwaka moya ao mbili tu," baba mdogo alikuwa amemwambia asubuhi ile, akipanga masanduku. "Weye utabakia na nyumba. Utasoma muzuri, hakuna muntu wa kukusumbua."

Na kweli, hakuna aliyemsumbua.

Séphora alizaliwa Kamina, ambako baba yake, Émile, alifanya kazi ya reli kama babu yake kabla yake. Alikuja Lubumbashi kusomea elektroniki kwenye chuo kikuu, kule Kasapa, na tangu mwaka wa kwanza alikaa kwa mdogo wa baba yake, mtaa wa Golf, katika chumba cha uani nyuma ya nyumba kubwa. Chumba kile kilikuwa cha kulala tu. Maisha yake yalikuwa ndani, pamoja na wengine. Alisuka nywele za Chance, kitinda mimba. Aligombania mguu wa kuku na Aristote. Alimsikiliza Tracy, binti mkubwa, akisimulia mambo ya shule mpaka usingizi uwachukue wote wawili, na kila jioni alimsaidia mama Hortense, mke wa baba mdogo, kusonga ugali wa bukari. Sasa alikuwa na funguo za milango yote, wala hakuwa na sababu ya kufungua hata mmoja. Alipika chakula cha mtu mmoja kwenye sufuria ndogo, akala, akasoma, akalala. Mlinzi wa geti aliachishwa kazi wiki ileile. Kuna Jumapili alizorudi kutoka misa, na jioni akijaribu kujiimbia kidogo anakuta sauti imekauka, kwa kuwa tangu alipowapa watu mkono wa amani kanisani hakuwa amesema neno na mtu.

Darasani mambo hayakuwa na nafuu kubwa. Mwaka wa tatu ulikuwa mwaka wa miradi. Asistan Ruben, mwalimu wao wa kazi za vitendo, aliingia siku moja na sanduku la nyaya kwapani, akawaeleza kwamba kila wanafunzi wawili watabuni kifaa na kukijenga mpaka kifanye kazi.

"Sitaki problème ya mu kitabu," alisema. "Nataka yenye iko kwenu, kwa nyumba. Tank ya maji inamwangika, courant inaunguza frigo, kintu kama ile. Mutafutane, bawili bawili."

Viti vikakwaruza sakafu, watu wakageukiana. Mwaka uliotangulia Séphora alifanya kazi na kijana aitwaye Dieumerci, lakini Dieumerci alikuwa amepata kazi kwenye machimbo ya Kolwezi akaacha masomo. Kelele zilipotulia, kila mtu alikuwa na mwenzake ila yeye.

"Na weye, Séphora?"

"Nitafanya peke yangu, Asistan."

"Kazi ni mingi kwa muntu moya."

"Nitaweza."

Ruben akaandika jina lake kwenye mstari wake wenyewe.

Tatizo la kutatua lilimjia bila kulitafuta. Juma lile wezi waliingia kwenye nyumba ya barabara ya pili, nyumba ambayo wenyewe walikuwa safarini, wakabeba kila kinachobebeka. Habari zilifika Johannesburg haraka kuliko zilivyofika kwa Séphora. Baba mdogo akapiga simu.

"Bezi banaangaliaka taa," alisema. "Nyumba yenye kuwa giza siku zote, banajua hakuna bantu. Bon, weye unasomea mambo ya courant. Fanya kintu, taa ziwake na kuzima zenyewe, sawa vile siye tuko mule."

"Eyo, tonton. Naweza kuifanya projet ya masomo."

"Njo muzuri. Kazi moya, faida mbili."

Kesho yake alikwenda soko la Kampemba, kwenye meza za mafundi wa redio, akanunua stabilizeta ya umeme iliyokufa. Ndani ya stabilizeta kuna rele, vile visanduku vidogo vinavyofunga na kufungua njia ya umeme vikiamriwa na waya mwembamba, na rele hazifi haraka kama mashine inayozibeba. Alizitoa moja moja kwa chuma cha kulehemu, akajiunguza kidole cha shahada, akakinyonya akaendelea. Akazipanga tano juu ya ubao uliotoka kwenye droo mbovu, akaziunganisha na kadi ndogo ya kompyuta aliyoazimwa na maabara. Kila rele ilipofunga ilisema *tak*, kama mtu anayevunja kijiti kikavu. Katika chumba chake kisichokuwa na sauti nyingine, aliiwasha na kuizima ile ya kwanza mara nyingi kuliko jaribio lilivyohitaji.

Programu yake ya kwanza ilikuwa nyepesi: giza likiingia taa zote ziwake, usiku ukikomaa zote zizimike. Akaifunga kwenye nyaya za nyumba, akatoka barabarani aone. Aliona aibu. Nyumba ilikuwa inang'aa dirisha hadi dirisha kama duka la dawa. Hakuna mwizi ambaye angedanganyika. Watu hawaishi hivyo. Watu wanatoka chumba hiki wanaingia kile, wanasahau taa, wanarudi kuizima, wanagombezwa.

Ikabidi awakumbuke.

Alikaa juu ya ngazi ya jikoni, kompyuta magotini, akaanza na mama Hortense, kwa sababu jioni zote za nyumba ile zilianza na yeye. Jua likizama aliwasha taa ya jikoni, hata kama bado kuna mwanga, kwa kuwa hakupenda kukata majani ya sombe gizani. Chakula kikishaiva alizima, akahamia sebuleni kwa habari. Aristote alikuwa na ugonjwa wa friji: kila mara ungeona taa ya korido inawaka, kimya kidogo, inazima. Chance aliogopa giza. Taa yake huzimwa mapema na mama, kisha huwashwa tena na yeye mwenyewe. Tracy alikuwa wa bafu na kioo. Baba mdogo alikuwa wa mwisho, na kila taa aliyoikuta inawaka aliizima huku akinung'unika juu ya watu wasiojua bei ya umeme.

Yote hayo Séphora aliyageuza kuwa amri za mashine. Na kwa kuwa hakuna mtu anayefanya jambo saa ileile kila siku, akaweka kamari ndani: leo Aristote atafuata friji mara mbili, kesho mara nne. Hakuwa na haja ya kumuuliza mtu lolote. Alishangaa jinsi alivyowajua.

Jioni ya kwanza ya programu mpya alikuwa anasonga bukari yake mbele ya chumba cha uani. *Tak.* Dirisha la jikoni likawaka, mwanga ukamwagika juu ya sakafu ya ua mpaka miguuni pake. Mwiko ukasimama mkononi. Alikuwa amefungua kinywa amwitikie mtu.

Tangu siku hiyo akawa anachukua kigoda anakaa katikati ya ua, sahani mapajani, akitazama madirisha. Tracy amekawia bafuni leo. Chance amewasha tena. Alikula taratibu, na mashine ilipomzima baba mdogo sebuleni, naye aliinuka akaenda kulala. Hakumwambia mtu. Hakukuwa na wa kumwambia, na hata angekuwepo, angemweleza nini?

Kulikuwa na kasoro moja. Umeme ukikatika, kadi ilipoteza saa. Mchana mmoja alirudi kutoka Kasapa, jua liko utosini, akakuta familia nzima imeamka: jikoni kunawaka, bafuni kunawaka, korido inawaka na kuzima. Alisimama mlangoni na begi mgongoni, moyo ukimwenda mbio, kabla ya kukumbuka kwamba ni yeye aliyewafanya. Akanunua saa ndogo ya elektroniki yenye betri yake, mfano wa kifungo cha koti, akailehemu kwenye ubao. Baada ya hapo, umeme hata ukatike siku nzima, wakirudi wanajua ni saa gani.

Jioni moja, jikoni kumekwisha kuwaka, geti likagongwa. Alikuwa mama Jeanne, mjane wa nyumba ya ng'ambo ya barabara, inayotazamana na upande wa jikoni, rafiki wa mama Hortense wa miaka mingi. Alikuwa amevaa kikwembe cha kutokea, na mikononi ameshika sahani iliyofunikwa kwa kitambaa cheupe.

"Jambo, mutoto. Hortense iko?"

"Jambo yenu, mama. Muingie. Mama Hortense haiko. Iko kule Johannesburg."

Mama Jeanne alicheka kidogo, kama mtu anayetaniwa. "Unanificha juu ya nini? Juma muzima naona taa ya kuisini inawaka mangaribi, sawa vile zamani. Nikasema, Hortense alirudia, hata kuvuka barabara anipe bonjour hapana. Nikakasirika. Nikasema, sitaenda, njo yeye atakuya. Leo roho ikaniambia, Jeanne, unazeeka na kasirani yako. Nikamupikia kikanda, anakipendaka." Akainyoosha shingo kuelekea dirishani. "Hortense, ni miye."

Séphora alihisi uso unamwaka moto. "Mama, hakuna muntu mule. Ni machine. Miye njo niliitengeneza, ya masomo. Inawasha taa yenyewe, juu ya bezi."

Mama Jeanne akampita. Alitembea hadi mlango wa jikoni, akausukuma, akaingia. Akatazama meko baridi, sufuria zilizopinduliwa juu ya rafu, vumbi jembamba juu ya meza. Akaweka sahani mezani. Akavuta kiti, akakaa chini ya ile taa.

"Habayarudia," alisema.

"Habayarudia, mama."

Walikaa. Séphora alifunua kikanda, ile keki ya mizizi ya porini na karanga, kwa sababu hakujua afanye nini kingine, akakata vipande. Kilikuwa kizuri, kina pilipili ya kutosha na karanga zilizosagwa vizuri. Wakala. Mama Jeanne alianza kumwuliza mashine inafanyaje kazi, na Séphora akawa anamwelezea habari za rele na saa, mara *tak*, jikoni kukawa giza.

"Alienda wapi sasa?" mama Jeanne aliuliza gizani.

"Mu salon. Kuangalia habari."

*Tak.* Mwanga wa sebule ukapita chini ya mlango.

Séphora alimsikia mama Jeanne akivuta pumzi ndefu kwa pua. Alidhani analia, lakini aliposema, sauti yake ilikuwa kavu.

"Ulimukamata muzuri," alisema. "Njo yeye kabisa. Sikia, mutoto. Zingine zote uache. Lakini hii ya kuisini uitoe. Kwangu dirisha ya kuisini yenu tu njo ninaonaka. Nitakuwa naamukaka kila mara kuya kumusalimia."

Séphora alimsindikiza mpaka getini. Aliporudi aliichomoa rele ya mama Hortense, akaacha tundu lake wazi kwenye ubao. Kesho yake jioni alitoka na kigoda kama kawaida. Familia ilianza na Aristote, koridoni, bila mtu jikoni, na chakula chake kilimshinda.

Siku ya kutetea miradi, darasa lilijaa mpaka madirishani. Wawili wawili walipanda mbele: mmoja anaeleza, mwingine anashika nyaya. Séphora alishika nyaya zake mwenyewe. Alikuwa ameweka balbu ndogo badala ya vyumba, na saa ameiharakisha ili jioni nzima ipite kwa dakika chache. Balbu zikawaka na kuzima kwa zamu zake. Asistan Ruben aliinama kwenye kompyuta yake, akasoma programu.

"Majina gani haya? 'Tracy'. 'Ari'. 'Chance'. Nyaya zako zilibatizwa?"

Wanafunzi wakacheka. Séphora akacheka nao kidogo, kwa adabu.

"Ni benye nyumba, Asistan. Kila muntu na taa yake."

"Na hii tundu?"

"Iko ya kuisini. Mwenye kuisini... jirani aliomba niitoe."

Ruben aliligusa lile tundu kwa kidole. Akasema kazi ya kulehemu ni safi, na wazo la kamari ni zuri kuliko alivyotegemea kwa mtu aliyefanya peke yake. Alimpa alama za juu kabisa darasani. Wenzake wakapiga makofi, kisha wakatoka makundi makundi kwenda kunywa kitu. Séphora alibaki akikunja nyaya zake, na alipomaliza ua wa chuo ulikuwa mtupu.

Jioni ile aliwaonyesha wa Johannesburg kwa simu, akizunguka na kamera uani. Watoto walipiga makelele kila mmoja alipoona taa yake. "Yaya, miye niko mu bain!" Tracy alisema, akicheka hadi akakohoa. Kisha sura ya mama Hortense ikajaa kwenye kioo.

"Na kuisini? Miye ulinisahau?"

"Hapana, mama. Mulikuwa wa kwanza." Akamweleza habari za mama Jeanne, kikanda, na juma zima la hasira.

"Tangu tulifika huku sikumuita hata mara moya," mama Hortense alisema. "Nilisema kesho, kesho." Akampa mumewe simu, akatoka.

Baba mdogo alikuwa na furaha. "Umefanya kazi ya kweli. Sasa sikia, miye na mama yako tuliisha kuzungumuza. Hatupende ubakie pale peke yako. Nyumba sasa inajilinda yenyewe. Tulikupatia nafasi mu bweni ya Kasapa, utakuwa karibu na masomo, na bantu ba miaka yako. Funguo utaachia mama Jeanne."

"Eyo, tonton."

"Kintu kimoya tu. Utie na chumba yako mu ile machine. Bantu ba barabara balisha kuzoea kuona taa yako kule nyuma."

Akasema eyo tena. Hakukuwa na la kubisha. Alikuwa anatendewa wema.

Siku ya mwisho, kabla jua halijazama, alikaa kitandani na kompyuta. Lile tundu la jikoni alikuwa amelijaza kwa rele nyingine na kuuvuta waya mpaka chumba cha uani. Akaandika "Seph", kisha akasimama. Wale watano walimiminika vidoleni mwake bila shida. Yeye je? Taa yake iliwaka giza likiingia. Ilizimika alipolala. Katikati alikuwa anakaa nje juu ya kigoda, na kigoda hakina taa. Alitafuta jambo lingine la kuweka, kitu ambacho mtu wa barabarani angekitambua na kusema huyo ni yeye. Alitafuta kwa muda. Mistari ikabaki miwili, mifupi kuliko ya mtu yeyote kwenye programu.

Akaongeza wa tatu, wa uongo: siku za Jumapili taa ya uani ichelewe kuzimika, kama ya mtu aliyepata mgeni.

Mama Jeanne alikuja mwenyewe kuchukua funguo. Alisema Hortense alimpigia simu, wakazungumza mpaka sikio likauma, wakagombana kidogo, wakapatana. Alimfungia Séphora mihogo na samaki wa kukaanga kwenye gazeti, akamwambia asikonde. Séphora alipakia begi lake na godoro kwenye teksi, na gari lilipopiga kona hakugeuka, kwa sababu godoro lilikuwa limeziba kioo cha nyuma.

Bwenini walikuwa wanne chumba kimoja. Kitanda chake kilikuwa karibu na mlango, na juu ya mto wake mtu alikuwa ameanika sidiria. Msichana mwembamba mwenye skafu ya bluu akaiondoa haraka.

"Pardon. Miye ni Plamedie, wa agronomie. Weye njo wa elektroniki? Bon, utatutengenezea prise ya ku ukuta, iko inatoa moto. Uko na bidon? Tufanye mbio, maji inatoka sasa, kiisha inakatika."

Séphora hakuwa na bidon. Plamedie akampa ya kwake moja, ya njano, isiyo na kifuniko. Wakashuka hadi kwenye foleni ya bomba. Plamedie aliongea njia nzima: juu ya msimamizi mkali, juu ya mchumba wake wa Likasi asiyejibu ujumbe, juu ya panya. Séphora alisikiliza, akitikisa kichwa. Mara mbili tatu alitaka kusema kitu akakuta zamu imepita. Foleni ikasogea. Bidon ilipojaa aliibeba kwa mikono miwili, maji yakimrukia kwenye kikwembe, akaanza kupanda ngazi nyuma ya mwenzake, wakati kule Golf taa ya "Seph" ilikuwa imekwisha kuwaka bila yeye.